Je, Moto Huharibu Protini ya Uji?

Mama mmoja wa Kitomanga, anayemuuguza mumewe aliye katika dawa za kifua kikuu, aliniuliza: "Daktari, nimeambiwa moto unaua protini. Je, nikoroge unga wa soya katika uji uliokwisha poa?" Kumbe alikuwa amefanya hivyo kwa juma zima, kwa unga wa soya mbichi, na mgonjwa alikuwa akiharisha na kujaa gesi tumboni. Swali hili ni la wengi, nalo lastahili jibu kamili.

Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, uliokunjwa kwa umbo maalumu. Joto huukunjua mnyororo huo. Ndiyo sababu ute wa yai hugeuka mweupe na kuganda. Umbo hubadilika, lakini mnyororo haukatiki, na asidi amino zake hubaki. Hata tindikali ya tumbo hufanya kazi hiyohiyo ya kukunjua, ili vimeng'enya vipate kuukata. Mwaka 1998 watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kuwa protini ya mayai yaliyopikwa humeng'enywa kwa takriban asilimia 91, ilhali ya mayai mabichi ni asilimia 51 tu.

Kwa soya, moto ni wa lazima. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia tripsini, kimeng'enya cha kukata protini. Mgonjwa anayekula soya mbichi hupoteza protini aliyokusudia kuipata.

Hata hivyo, moto una mipaka yake. Kukaanga nafaka au karanga hadi ziungue hufanya laisini ishikane na sukari, mwili usiweze kuitumia. Na laisini ndiyo asidi amino iliyo haba katika mahindi. Vitamini C nayo hupungua kwa kuchemshwa. Aidha, moto wa jikoni hauondoi sumukuvu. Karanga zenye ukungu zitupwe.

Utayarishaji unaofaa ni huu:

1. Soya zitiwe katika maji yanayotokota, zichemke dakika 30, zianikwe, kisha zisagwe. Unga wake uive pamoja na uji.
2. Unga wa dagaa waliooshwa na kukaushwa vizuri, au wa karanga, nao uive ndani ya uji.
3. Maziwa ya unga yakorogwe kwanza katika maji ya vuguvugu, kisha yatiwe baada ya kuepua. Tunafanya hivyo kuepuka mabonge, si kwa kuhofia protini.
4. Maziwa mabichi yachemshwe daima, kwani yaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu.
5. Ndimu au ubuyu utiwe uji ukiwa umeepuliwa.

Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze unga wowote wa protini kabla ya kushauriana na daktari.

Kwa wahudumu wenzangu: tusiishie kumuuliza mgonjwa anakula nini, tumuulize pia anakipikaje. Mama yule alikuwa na soya ya kutosha nyumbani. Alichokosa ni moto, na sisi tulikuwa hatujamwambia.