Bolti ya Breki Iliyoliwa Kichwa: Namna ya Kuitoa Bila Kuharibu Gari

Kubadilisha pedi za breki za mbele kwenye Probox au Vitz si kazi kubwa. Gari linainuliwa, tairi linatolewa, bolti mbili za kalipa zinafunguliwa, pedi kuukuu zinatoka na mpya zinaingia. Halafu siku moja soketi inateleza, kona sita za kichwa cha bolti zinasagika, na kinachobaki ni kitu cha mviringo kisichoshikwa na spana yoyote. Fundi anainua uso na kusema, "Mkubwa, hii bolti imeliwa."

Katika gereji nyingi za wazi za Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kariobangi Light Industries hadi Umoja, Donholm na Kayole, jibu la kwanza huwa ni nguvu. Bomba refu linavikwa kwenye mpini wa spana, au tindo na nyundo vinatolewa kwenye sanduku. Naandika kuwasihi mafundi na wenye magari waigeuze desturi hiyo. Nguvu iwe ya mwisho, baada ya kila kitu kingine kushindwa, na bolti iliyotoka kwa vita isirudishwe kwenye breki hata kama nyuzi zake zinaonekana nzima.

Kwanza tuelewe kwa nini bolti inagoma. Magari mengi tunayoendesha yametumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na sheria yetu inaruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8. Sehemu za kaskazini mwa Japani, Hokkaido hasa, barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari. Kutu huanza huko, kisha hapa linaongezeka tope na maji ya mvua yanayotuama barabarani mwezi wa Aprili. Lakini kutu peke yake haili kichwa cha bolti. Kichwa huliwa na spana isiyolingana. Spana ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, na ukiivika kwenye bolti ya 12 itaingia, itacheza kidogo, na itazisaga kona. Ringi ya pembe kumi na mbili nayo hugusa kichwa karibu kabisa na ncha za kona, palipo dhaifu. Soketi ya pembe sita yenye kipimo halisi hukamata sehemu pana zaidi za ubavu. Bolti za kalipa kwenye magari madogo ya Kijapani mara nyingi ni 12 au 14, na zile kubwa zinazoshikilia fremu ya kalipa huwa 17. Fundi asiye na soketi za pembe sita za vipimo hivyo vitatu asiguse breki zako.

Kabla ya kuipambania bolti, tazama gari limesimama juu ya nini. Udongo wa Eastlands kwa sehemu kubwa ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hulainika na jeki huzama polepole bila kelele. Weka ubao mnene na mpana chini ya jeki, zuia magurudumu yaliyobaki kwa mawe au vipande vya mbao, kisha weka stendi chini ya sehemu imara ya bodi. Usitegemee jeki peke yake, wala matofali, kwa sababu tofali hupasuka ghafla. Bolti iliyogoma huvutwa kwa mwili mzima, na huo ndio wakati gari huanguka.

Vumbi jeusi lililo kwenye breki usilipulize kwa kompresa wala kwa mdomo. Baadhi ya pedi na laini za breki, hasa za zamani au zisizojulikana zilikotengenezwa, huwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitupe. Naisisitiza hatua hii kwa sababu vijana wanaojifunza kazi ndio huinamia vumbi hilo kutwa nzima, na hakuna anayewaambia.

Sasa bolti yenyewe. Soketi ikiteleza mara ya kwanza, acha. Hiyo dakika ndiyo inayoamua kama kazi itaisha kwa dawa ya kutu au kwa keekee. Piga brashi ya waya kuzunguka kichwa na pale nyuzi zinapotokeza upande wa pili, kisha nyunyiza mafuta ya kupenya kutu. Wengi hutumia WD-40, ambayo ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma. Inasaidia, lakini mafuta yaliyotengenezwa mahsusi kwa kupenya kutu hufanya kazi vizuri zaidi. Funika disiki na pedi kwa kitambaa kwanza, maana pedi iliyokunywa mafuta haisafishiki, ni ya kutupwa. Subiri nusu saa, rudia, na kama gari halihitajiki leo, liache lilale. Wakati wa kusubiri, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo, mapigo mafupi yaliyonyooka, ili kutu ivunjike na mafuta yapate njia. Ukijaribu tena, anza kwa kuikaza kidogo sana, kisha ifungue. Ikisogea hata robo ya mzunguko, irudishe, ongeza mafuta, ifungue tena. Bolti nyingi zinazokatika hukatika kwa sababu mtu alifurahi kuona imesogea akaivuta moja kwa moja.

Ikiwa kona zimeshaliwa kabisa, ziko njia kadhaa, na mpangilio wake una maana. Ya kwanza ni kutafuta soketi ndogo kidogo ya pembe sita, kama 13 kwenye kichwa kilichokuwa 14, na kuigongelea mpaka ikae. Ya pili ni kuchonga bapa mbili kwa tupa, kila upande moja, kisha kushika kwa spana inayolingana na bapa hizo au kwa koleo la kujifunga. Zipo pia soketi maalumu zenye meno ya mzunguko ndani, ambazo hung'ata kichwa zaidi kadiri unavyofungua. Maduka ya vifaa ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, huziuza kwa seti, na gereji tatu nne za mtaa mmoja zinaweza kuchanga zikanunua seti moja.

Njia ninayoiamini kuliko zote kwa bolti sugu ni ya kuchomelea nati. Unachukua nati kubwa kidogo, unaiweka juu ya kichwa kilicholiwa, unachomelea ndani ya tundu lake mpaka vishikane, unaacha vipoe kidogo, halafu unafungua kwa spana ya nati hiyo mpya. Faida yake ni mbili kwa pamoja: unapata kichwa kipya, na joto linaivimbisha bolti na kuiponda kutu, kisha inapopoa inaacha nafasi. Mafundi wa kuchomelea wa Kariobangi na Gikomba wanaijua kazi hii vizuri sana. Wanachokisahau baadhi yao ni maandalizi. Betri itolewe waya. Kishikio cha waya wa ardhi kifungwe karibu na bolti yenyewe, ili umeme usipite kwenye beringi ya gurudumu na kuiharibu. Waya wa kihisi cha ABS na hozi ya breki zisogezwe mbali au zitolewe kabisa.

Joto kwenye breki lina hatari mbili ambazo sitaki uzipite haraka. Breki husafishwa kwa dawa za kopo, na baadhi yake zina kemikali za klorini. Dawa hizo zikiguswa na moto wa kuchomelea hutoa gesi ya fosjini, ile iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata mabaki machache ni hatari. Nyingine hazina klorini lakini huwaka kama petroli. Kwa hiyo siku ya kuchomelea, safisha kwa maji na sabuni, kausha, ufanyie kazi mahali penye hewa. Hatari ya pili ni kalipa za alumini. Chuma kikipata moto hubadilika rangi na kuwa chekundu kabla hakijayeyuka, lakini alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi bila kukupa onyo la rangi. Na hata kalipa ya chuma ina sili za mpira ndani ya silinda. Ikiwa itapigwa moto wa gesi, hesabu kwamba sili hizo zimekufa na zibadilishwe.

Keekee huja mwisho. Toboa katikati kabisa ya bolti baada ya kuweka alama kwa punchi, anza na msumari mwembamba, panua taratibu. Kisha huingizwa kipande cha kung'oa masalio ya bolti; ni kigumu lakini kinavunjika upesi, na kikivunjikia ndani hakuna msumari wa kawaida utakaokitoboa. Ukifika hapo, ng'oa fremu nzima uipeleke kwa fundi wa leth. Mara nyingi fremu au kalipa iliyotumika kutoka kwa wauza spea itakugharimu muda mchache kuliko ukaidi wa siku mbili.

Sehemu tatu zina sheria zao. Skrubu mbili ndogo zinazoshikilia disiki kwenye Honda Fit na magari mengine ya Honda zinafanana na skrubu za nyota za kawaida, lakini umbo lake ni la kiwango cha Kijapani, na bisibisi ya kawaida hupanda na kutoka. Tumia bisibisi ya kugongwa kwa nyundo, ile inayozunguka kila inapopigwa. Ikishindikana, toboa kichwa cha skrubu, disiki itatoka, kisha zungusha kipande kilichobaki kwa koleo. Skrubu hizo huishikilia disiki tu wakati tairi halipo, kwa hiyo hapa unaweza kutulia. Ngoma za nyuma za Toyota nyingi nazo zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti ya milimita 8. Ukikaza bolti mbili humo kwa zamu, ngoma inasukumwa nje bila nyundo.

Msimamo wangu ni tofauti kabisa kwa sehemu ya tatu, yaani niplo ya kutolea hewa na nati za mabomba ya breki. Niplo ina tundu katikati, ni dhaifu, na ikikatika ndani ya kalipa kazi imekuwa nyingine. Ilegeze mapema, kabla hujaanza jambo lolote, ili ujue kama inakubali. Nati ya bomba ifunguliwe kwa spana yake maalumu inayozunguka karibu upande wote. Ya mdomo wazi huila kona mara moja, na bomba likijisokota nayo hupasuka. Bomba la breki lililopasuka halichomelewi. Linabadilishwa.

Bolti ikishatoka, mwenye gari asiondoke kwenda kunywa chai. Hapa ndipo Nairobi inapopoteza watu bila kujua sababu. Fundi anachukua bolti ya duka la vifaa vya ujenzi inayoingia tundu lile, anaikaza, gari linaondoka. Tazama kichwa cha bolti: za breki huwa na alama kama 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inatoa nguvu ya kuvutwa mpaka kukatika kwa kipimo cha megapaskali. Bolti za kufungia mageti na mabati mara nyingi ni 4.6 au 4.8, yaani nusu ya nguvu inayotakiwa au chini yake. Dai bolti ya gari lako, yenye urefu ule ule na nyuzi zile zile. Safisha tundu kwa tapu. Ikiwa nyuzi za tundu zimeisha, fundi wa leth ataweka nyuzi mpya za kupachika. Asikuwekee bolti nene zaidi kwa kulazimisha, wala asifunge uzi wa plastiki kuzunguka bolti. Pini za kalipa zipakwe grisi ya breki isiyodhuru mpira, si ile ya beringi. Na ukazaji uwe wa kipimo: kwenye Corolla nyingi bolti za pini ni kama nyutonimita 34 na za fremu ni kama 107. Tofauti hiyo ni kubwa, na mkono peke yake hauijui. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho.

Wenye matatu wasijifiche nyuma ya cheti cha ukaguzi wa kila mwaka wa NTSA. Ukaguzi unaliangalia gari jinsi lilivyo siku ile. Haumfungulii mtu kalipa kutazama ni bolti gani iliyowekwa Jumanne iliyofuata. Abiria 14 wanaoshuka Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi wanategemea uamuzi uliofanywa kando ya barabara na watu wawili.

Kabla ya kuondoka gereji, kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwaka mpaka iwe ngumu, hakikisha mafuta ya breki yako kwenye alama na hakuna tone chini ya gurudumu. Jaribu breki ndani ya mtaa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Baada ya siku mbili tatu rudi ukague bolti kwa kipimo kile kile. Na pedali ikizama hadi chini, au gari likivuta upande mmoja, usiliendeshe hata kwa hatua chache hadi nyumbani; ita la kuvuta.