Sikukuu Zenye Asili ya Kipagani: Mkristo Asherehekee?

Maandiko: 2 Wafalme 18:4, 1 Wakorintho 10:19-31, Warumi 14:5-6

Krismasi ikikaribia, naulizwa swali lile lile: je, tarehe 25 Desemba si sikukuu ya jua ya Warumi? Wengine wametumiwa hayo kwa simu, na sasa wanaogopa hata kuchinja kuku.

Tuseme ukweli. Biblia haitaji tarehe aliyozaliwa Yesu. Andiko la zamani zaidi tulilo nalo linaloweka kuzaliwa kwake tarehe 25 Desemba linatoka Roma, mwaka 354, na kitabu hicho hicho kinaitaja siku hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", ambaye wengi husema ni mungu jua. Kaisari Aureliano alikuwa ameikuza ibada hiyo mwaka 274. Lakini wako wasomi wanaosema Wakristo walihesabu tu miezi tisa kutoka tarehe 25 Machi. Bado wanabishana, na mimi siwaamulii. Hata tukikubali ni ya wapagani, je, asili ya kitu inatosha kukihukumu?

Tazama nyoka wa shaba. Musa alimtengeneza kwa amri ya Mungu mwenyewe, asili safi kabisa! Lakini Israeli walipoanza kumfukizia uvumba, Hezekia akamvunja vipande. Sasa geuza upande wa pili. Wamaasai waliliita jina Enkai kabla Biblia haijafika kwao, na Ngai ya Wakikuyu inatokana na neno hilo. Leo majina hayo yamo katika Biblia za lugha hizo mbili, na mama zetu wanalia nayo kwenye kesha. Nani atawaambia wanyamaze? (Na Ijumaa Kuu je? Ijumaa ni neno tulilopata kwa Waislamu.)

Paulo alikutana na jambo hili Korintho. Nyama ya sokoni, nyingine ilikuwa imetoka kwa sanamu. Anasema nunua, kula, usiulizeulize. Lakini katika sura hiyo hiyo anakataza kuketi kwenye meza ya mashetani. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe yule yule. Kinachobadilika ni madhabahu: pale unashiriki na nani?

Tusiangalie Roma peke yake. Kijana wetu mmoja hapa Olkaria aliniambia, "Mchungaji, mnanikataza eunoto ya rika langu, lakini Krismasi ya Warumi mnaila." Ana haki ya kudai kipimo kimoja. Kwa Mmaasai, kukosa eunoto ni kujitenga na watu atakaozeeka nao. Nilimwambia aende. Mama yake amnyoe zile nywele za umorani, ale nyama, aruke na wenzake. Hapo naona mama na mwanawe aliyekua, sioni sanamu. Lakini dawa ya oloiboni na hirizi yake asiguse, na pombe ya asali msimamo wetu anaujua. Akifika mahali anaombewa kwa jina ambalo si la Bwana wake, atoke, hata kama wazee watakasirika. Hiyo ndiyo gharama, na si ndogo.

Wazee wengine wa kanisa hawakubaliani nami. Wanaogopa akienda hatarudi. Hofu yao ina msingi, ndiyo maana ndugu wawili waliookoka watafuatana naye.

Sasa tumia kipimo hicho hicho kwa Krismasi. Anayelewa Naivasha tarehe 25, au anayekopa pesa ya karo ili watoto waonekane na nguo mpya, huyo naye ameketi mezani pa mtu mwingine, hata kama siku inaitwa kwa jina la Kristo.

Na ndugu asiyeadhimisha Krismasi kabisa, tusimwite mkaidi. Naye asituite wapagani. Warumi 14 imetufunga sote wawili.

Wenye zamu kwenye mitambo ya mvuke siku hiyo, maana stima haina sikukuu, ibada yenu ni tarehe 24 saa kumi na moja jioni. Kina mama watawawekea chakula.