Kabla ya Kumpa Fundi Kompyuta, Isome Prosesa kwa rdmsr

Wanafunzi wenzangu, kompyuta ikianza kusuasua wakati wa tasnifu, fundi wa huku ughaibuni hukutoza hela nzito hata kabla hajafungua skrubu. Wengine wanashauriwa wanunue mpya kabisa. Basi kwanza iulize prosesa yenyewe inaumwa nini.

Ndani ya prosesa za Intel mna rejista ziitwazo MSR, ambamo prosesa huandika hali yake. Programu ya kawaida haiwezi kuzigusa, ni keneli tu. Kwenye Linux keneli inakufungulia mlango kupitia faili /dev/cpu/0/msr, na amri ya kusomea ni rdmsr. Wenye Ubuntu au Debian:

sudo apt install msr-tools
sudo modprobe msr
sudo rdmsr -p 0 0x19c

Hiyo -p 0 ni prosesa ya kwanza, maana Linux huanza kuhesabu kwenye sifuri. 0x19c ni anwani ya rejista ya joto. Iendeshe wakati kazi nzito inaendelea; kompyuta iliyokaa bure haitakuambia kitu.

Tuseme jibu ni 880c0002. Ni heksadesimali: kila tarakimu ni biti nne, na biti huhesabiwa kutoka kulia kuanzia 0. Joto limekaa biti ya 16 hadi 22, yaani ile 0c, ambayo ni 12. Hapa ndipo watu hupotea! 12 siyo joto, ni nyuzi zilizobaki kufika kikomo. Kadiri namba inavyopungua ndivyo prosesa inavyozidi kuungua. Kikomo chenyewe, kwa Intel Core i3, i5 na i7, kisome hivi:

sudo rdmsr -p 0 -f 23:16 -u 0x1a2

-f inachagua biti, -u inakupa namba ya kawaida. Ikitoka 100, basi joto ni 100 kutoa 12, sawa na nyuzi 88 za Selsiasi.

Sasa ile 2 ya mwisho. Ni biti ya 1 imewaka: tangu kumbukumbu ilipofutwa, prosesa imewahi kufika kikomo ikajipunguzia kasi isiharibike. Ukiona 3, biti ya 0 nayo imewaka, yaani inajipunguza sasa hivi. Hapo ugonjwa ni joto: safisha feni (vumbi la nyumbani tumesafiri nalo wengi), badilisha dawa ya kupozea iliyokauka juu ya prosesa. Biti zote mbili zikiwa zimezima na joto liko kwenye 60, tafuta kwingine, pengine diski au memori.

Kuna ndugu yake rdmsr aitwaye wrmsr, huyo anaandika. Muache, thamani moja mbaya inagandisha mashine nzima. Kompyuta za maabara ya chuo usizijaribie bila ruhusa ya wenyewe. Na wenye AMD, anwani hizi za joto si zenu. Tumieni amri ya sensors.