Mwezi Mmoja Nepal: Somo la Kwenda Polepole

Kila mwaka vikundi vya wanafunzi hutoka nchi mbalimbali kwenda kukaa mwezi mmoja Nepal, nchi ya milima ya Himalaya, kwa ajili ya masomo. Mimi sijafika huko. Lakini tulipojifunza habari za nchi hiyo katika jiografia, liko jambo moja lililonigusa, nami nitaeleza sababu yake mwishoni. Jambo lenyewe ni jinsi siku za safari hiyo zinavyogawanywa.

Kwanza tuijue nchi. Nepal iko kati ya Bara Hindi na Uchina, wala haina bahari. Saa yao hutangulia yetu kwa saa mbili na dakika 45. Kwetu ikiwa saa sita mchana, kwao ni saa tisa kasorobo. Katika milima 14 ya dunia inayopita mita 8,000, minane imo Nepal au mpakani mwake. Mkubwa kuliko yote ni Everest, ambao Wanepali huuita Sagarmatha. Mwaka 2020 Nepal na Uchina zilitangaza pamoja kwamba urefu wake ni mita 8,848.86.

Sasa tuangalie shida ya milima hiyo. Kadiri mtu apandavyo, hewa huzidi kuwa nyepesi. Penye mita 5,500, kanieneo ya hewa ni kama nusu tu ya ile ya pwani. Mwili waweza kuzoea, lakini wataka siku zake. Asiyeupa siku hizo huumwa kichwa, hutapika na kukosa usingizi. Akikaidi na kuzidi kupanda, maji yaweza kujaa mapafuni, au ubongo ukavimba, naye akafa. Dawa iliyo kubwa ni kushuka. Ndiyo maana iko kanuni: ukisha kupita mita 3,000, usilale juu kuliko ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike.

Basi, mwezi mmoja waweza kugawanywa hivi. Juma la kwanza ni la mji mkuu, Kathmandu. Hapo mwanafunzi hujifunza maneno ya Kinepali na historia ya nchi. Hupaswa pia kuuliza juu ya tetemeko la tarehe 25 Aprili 2015, lililoua watu karibu 9,000. Madarasa kwa maelfu yalibomoka. Lakini siku ile ilikuwa Jumamosi, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, na madarasa yalikuwa matupu. Tufikiri wenyewe ingalikuwaje kama lingalitokea siku ya masomo.

Majuma mawili yafuatayo ni ya mlimani. Tuchukue njia ya Khumbu, nchi ya Washerpa. Ndege hutua Lukla, penye mita 2,860 hivi. Kutoka hapo ni miguu tu. Wakifika Namche, mita 3,440, hukaa siku nzima bila kusonga mbele. Kufika kambi ya chini ya Everest, mita 5,364, huchukua kama siku nane, ingawa katika ramani ni karibu.

Je, siku za kukaa ni za bure? Hasha! Hizo ndizo siku za masomo. Kutoka Namche waweza kupanda mchana hadi kijiji cha Khumjung, kisha ukarudi kulala chini, na mwili wafaidika. Khumjung iko shule iliyojengwa mwaka 1961 kwa msaada wa Edmund Hillary, ambaye pamoja na Tenzing Norgay alikuwa wa kwanza kufika kilele cha Everest, tarehe 29 Mei 1953. Hapo mwanafunzi huuliza: Wazazi hulima nini? Tangu eneo hili lilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1976, kuni zapatikana wapi? Apitaye mbio hapati majibu. Juma la mwisho ni la kuandika yote hayo.

Sasa sababu yangu. Sisi twakaa chini ya milima ya Rwenzori. Wakati wa likizo, wanafunzi saba tulipanda na mzee mmoja Mkonzo. Usiku wa tatu mwenzangu aliniambia, "Ndugu, kichwa chaniuma sana, lakini usimwambie mzee." Nikamjibu, "Jikaze, kesho tutaona theluji." Asubuhi mzee akaona kwamba yule kijana hakugusa chakula. Akasema, "Wanangu, tunashuka." Nilikasirika sana. Jioni, tulipokwisha kushuka, mwenzangu alikula na kucheka, nami nikaona haya. Sikujua ya kuwa neno langu la "jikaze" lingaliweza kumwua.

Wanepali husema "bistarai, bistarai", maana yake polepole. Kumbe hata huko mbali wajua maneno yetu! Kikundi kiende kwa mwendo wa aliye mnyonge, na mnyonge asione haya kusema.

Maswali:
1. Kwa nini mwenye kuumwa kichwa mlimani asifiche?
2. Kikundi kimelala penye mita 3,400. Kwa kanuni yetu, kitachukua siku ngapi kwa uchache kabla ya kulala penye mita 4,400?
3. Wageni wakija kukaa kijijini kwenu mwezi mmoja, ungependa wawaulize wazee maswali gani?