Grupu na mashini: funga chuma zote mbili pamoja

Ndugu wakulima wa Kabondo, grupu na mashini ya kukoboa mupunga yenye mota ya umeme tunazihamisha toka lupango moja mpaka lingine. Magurudumu ni ya mpira, chuma haigusi udongo. Waya ya ndani ikichubuka, chuma ya mashini inabeba umeme, na mashini inaendelea kuzunguka tu. Mtu akishika mashini kwa mkono mmoja na grupu kwa mwingine, umeme unapita mwilini mwake.

Tufanye hivi:

1. Zima grupu.
2. Kwangua rangi na kutu, funga waya ya shaba toka chuma ya grupu mpaka chuma ya mashini. Isiwe nyembamba kuliko waya zinazoleta umeme.
3. Fundi ahakikishe waya ya neutri imefungwa ku chuma ya grupu. Hapo umeme ukivuja, unarudi kwa nguvu na fyuzi inakata.

Wengine wanapiga fito ya chuma mu udongo, basi. Haitoshi. Udongo ukiwa na omu 50, volti 220 zinapitisha ampea 4,4 tu. Fyuzi ya ampea 10 haitakata.

Kila mukihama, waya hii inafungwa ya kwanza, inafunguliwa ya mwisho.