Tuikague Nambari 605,576

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 katika kaunti yetu ya Nyamira. Nambari hii ina mambo!

Kwanza, inagawanyika kwa 8. Elfu yoyote hugawanyika kwa 8, basi tazama 576 peke yake: ni 8 mara 72. Kwa 9 je? Jumlisha tarakimu: 6+0+5+5+7+6 ni 29. Gawa 29 kwa 9, inabaki 2. Hata 605,576 yenyewe itabakisha 2, kwa sababu 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa 9 hubakisha 1.

Haya, jirani zetu wa Kisii walikuwa 1,266,860. Jumlisha tarakimu. Ni 29 tena! Basi hata bila kikokotoo najua kwamba tofauti yetu, yaani 661,284, inagawanyika kwa 9 bila baki.

Msiseme ni mchezo tu. Idadi ya watu hutazamwa wakati wa kugawia kaunti fedha. Karani akinakili 605,676, jumla inakuwa 30 na kosa linajitokeza. Lakini akipindua tarakimu, aandike 605,756, jumla ni 29 ileile. Hapo ujanja umekwisha, itabidi asome tarakimu moja moja.