Kwa nini dhoruba za vuli hutukuta ziwani usiku?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa dagaa Igombe, Mwanza. Msimu wa vuli jioni tunaondoka ziwa likiwa shwari, usiku wa manane radi zinatuzingira. Kwa nini?

JIBU: Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, mawingu hujikusanya juu ya vilima, na mvua ya alasiri hunyesha huko.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa, ziwa hubaki na joto. Hewa baridi huteremka kutoka pwani zote na kukutana juu ya maji, ikiisukuma juu hewa yenye unyevu. Hapo ndipo radi huzaliwa, hasa kati ya usiku wa manane na alfajiri. Vuli, Oktoba hadi Desemba, huongeza unyevu huo.

Kwa hiyo utulivu wa jioni si dhamana. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kuwasha taa za kuvulia. Mkiona umeme unamulika mfululizo upande mmoja, au upepo wa baridi ukavuma ghafla, kusanyeni nyavu mrudi. Na jaketi la kujiokolea livaliwe mwilini tangu mwaloni, lisikaliwe. Dagaa watakuwepo kesho. Nanyi tunawataka muwepo.